Ezeko la Plastiki Karibu na Mbita

Jumamosi. Ziwa limetulia, jua limechoma tangu asubuhi, nami nimerudi nyumbani Homa Bay nikiwa na hasira.

Nianze na Ouma. Ni mtoto wa baba mkubwa, na aliishi Ayalandi miaka mingi akifanya kazi ya ujenzi. Alikuwa akinitumia picha za nyumba za zamani za wakulima wa huko: kuta nene za mawe zilizopakwa chokaa, milango mifupi, mapaa ya nyasi yaliyofungwa kwa kamba yasipeperushwe na upepo wa bahari. Nilizipenda kweli. Aliniambia kila mtu alijenga kwa alichokipata karibu, mawe ya shamba lake, udongo wake, mabua ya mavuno yake. Nikawaza, kumbe ni sisi tu, ila wao wana baridi.

Sasa amerudi na kujenga nyumba za aina hiyo kando ya ziwa, karibu na Mbita, za kulaza watalii. Leo alinialika nizione ili niziandike hapa kwenye blogu yangu.

Nimeziona.

Kibao cha langoni kinasema ni nyumba za Ayalandi. Kuta ni za bloku. Niliinua mkono nikashika paa: plastiki. Nyasi za plastiki, zimepata jua mpaka zinanuka kama beseni lililosahauliwa karibu na jiko. Na juu ya choo cha wageni amechomeka osuri, ule mti uliochongoka ambao kwetu husimama juu ya nyumba ya mwenye boma, na huondolewa akifa.

Juu ya choo.

Hata hilo ningelimeza. Lakini mbele ya nyumba ya kwanza nilimkuta Dani, nyanya yetu, amevishwa shanga zisizo zake, anasaga mtama kwa jiwe huku wageni wakimpiga picha. Dani alikuwa hajagusa jiwe la kusagia tangu mashine ifike sokoni.

Nyumba yake, ya udongo na nyasi za kweli, iko nyuma ya hapo. Paa limeoza. Hakuezeka mwaka huu kwa sababu nyasi humea kwenye mteremko ambao Ouma ameuzungushia seng'enge.

Nilimwinamia. "Dani, inuka twende nyumbani."

Hakuinuka. "Nyakwara, mjukuu wangu, niache. Hapa hakuvuji."

Ouma alikuwa amesimama kando yetu. "Umesikia? Mwenyewe anapapenda."

Nilimwambia, mbele ya wageni wake, afungue seng'enge Dani akatiwe nyasi, au aondoe jina la Ayalandi kwenye kibao chake, maana huko walijenga kwa walichokipata karibu. Mzungu mmoja mzee akashusha kamera, akauliza nimesema nini. Nikamweleza yote, kwa Kiingereza, polepole. Alilitazama lile paa la plastiki, akamtazama Dani, akarudisha kamera mfukoni.

Ouma akanivuta pembeni. "Sawa. Kateni nyasi mnazotaka, mradi msiniharibie biashara."

Kesho baada ya kanisa nitapanda huko na binamu zangu tukakate. Dani amekubali tuezeke, ingawa amesema ataendelea kusaga, kwa sababu pale hupewa chai ya maziwa.

Kinachonikera zaidi ni nilichofanya mimi mwenyewe. Ouma aliponipa ruhusa ya kukata nyasi ambazo Dani amezikata tangu alipoolewa pale, nilimpa mkono.

Nikasema asante.