Kitumbua cha Kuungua

Mwaya, Alhamisi jioni

Mumewe amerudi tangu juzi. Aliyesema ni Binti Hamisi mwenyewe, mpika vitumbua wa hapa ufukoni mwa ziwa, leo asubuhi akimimina rojo kikaangoni.

"Usimalize vyote, bwana mwandishi. Mwenyewe yumo ndani, amelala."

Juzi hiyohiyo karani wa boma alinionyesha orodha ya askari waliozama katika mto Songwe. Jina la mumewe ni la tatu. Karani aliuona mwili.

Tangu nitoke pwani sijapata vitumbua kama vya huyu mama: mchele wa huku, kikaango cha udongo cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani. Cha kwanza hukiunguza makusudi na kumwekea mumewe ndani, kwa kuwa ndivyo anavyovipenda. Mwezi mzima, tangu mumewe aende mtoni, nimeona kikitoka kizima na kuliwa na kuku.

Leo kilitoka kimeng'atwa. Nilikitazama kwa karibu. Alama za meno ziliacha pengo katikati, upande wa juu. Mumewe hakuwa na jino la mbele. Nilizungumza naye kabla hajaenda mtoni. Binti Hamisi ana meno yote, na anaishi peke yake.

"Mbona huli?" akauliza. "Vitumbua havihojiwi, bwana."

Nikala. Sikumwambia habari ya orodha. Wala sikuchungulia ndani, na kazi yangu ni kuchungulia.

Majina yatasomwa bomani Jumamosi, saa mbili asubuhi. Asiyasikie kule kwanza. Kesho alfajiri, kabla hajaunguza cha kwanza, nitapiga hodi kwake nimweleze. Naomba aitikie yeye.