Kioo Changu Hakihitaji Msaidizi

Jumatatu, 3 Machi
Imekubali! Miezi kumi na minne, na leo dirisha la maabara limerusha video mpaka kwenye skrini ya ukuta wa pili, bila waya. Dirisha lenyewe! Antena ni wavu wa shaba ndani ya kioo, uzi wake mwembamba kuliko unywele. Unaona mti wa nje, antena huioni. Nimempigia mama. Kasema basi mwanawe kaajiriwa kufanya kazi za majini na mapepo. Tumecheka mpaka salio likaisha.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kafurahi, halafu kaharibu. Wageni watakaoamua kama mradi uendelee wanakuja Jumanne. Anataka antena ya kawaida ifichwe kwenye chungu cha maua, kando ya skrini, ikisaidie kioo kimyakimya. Ni tahadhari tu, dada, anasema. Tahadhari! Huo ni udanganyifu. Nikakataa. Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu guu ni langu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kaifunga ile antena mwenyewe, yeye asiyejua hata kushika bisibisi. Fundi mwenzangu ananishauri nifumbe macho — kibarua kikiota nyasi, utakula kioo? Nina hasira tu. Wageni wakikisifu kioo changu Jumanne, nitajuaje kama hawajasifu maua?

Jumanne, 11 Machi
Saa nne na nusu. Naandikia chooni.
Kabla wageni hawajaingia nilichomoa kebo ya kwenye chungu. Ninayo mkobani. Video ikaendelea, safi kabisa — kioo peke yake! Kisha bosi akaenda kusimama mbele ya dirisha atoe hotuba. Picha ikaganda. Wageni wakatazamana. Akawatangazia chai, akanivuta palepale dirishani, akaninong'oneza: rudisha kebo sasa hivi, la sivyo kusanya vitu vyako.
Lakini alipotoka dirishani kuifuata chai, video ikatembea tena. Nimeiona kwa macho yangu! Kumbe kioo hakina kosa. Mawimbi haya hayapenyi mwili wa mtu, na bosi wetu, mashallah, kajaaliwa mwili.
Anagonga mlango. Dada, dada — upole wa uongo huo. Wageni wamerudi vitini, nawasikia.
Kebo haitoki mkobani. Natoka na neno moja tu, na nitalisema mbele yao wote akirudi kusimama dirishani: bosi, tafadhali, sogea.