Mafuta Yanasema Nimeshiba, Tumbo Linakataa

Mshauri wangu, kabla sijalia shida nikupe sifa zangu: mimi ni fundi cherehani mwenye bahati ya ajabu, nimewashonea suti mabwana harusi, majaji na matapeli, ninakula nitakacho, na suruali niliyooa nayo bado naivaa, zipu inapanda yenyewe kama lifti, wenye wivu wakiniita bonge ninawaonyesha hiyo suruali.

Sasa naomba unisaidie maana kichwa kimevurugika. Mpwa wangu muuguzi alipita dukani, akanipima damu, akanuna. "Mjomba, sukari inapanda. Bado kidogo tu uwe kama mama." Mama yake ni dada yangu, kisukari kimemkata mguu, kwa hiyo sikucheka. Akanisomesha kwamba mafuta ya mwilini si mzigo tu, yanatoa homoni inayouambia ubongo akiba ipo, acha kula, na tumbo tupu nalo lina homoni yake ya kudai chakula, nami nikapiga hesabu hapohapo nikamwambia basi dawa ni kuongeza mafuta, yakiwa mengi shibe nayo itakuwa nyingi, nitaacha kula mwenyewe! Mke wangu alikuwa anatia vifungo, akasema, "Baba watoto, akili yako imeshonwa nje ndani."

Sawa, lakini mbona nikimaliza sahani jicho linabaki kwenye sufuria? Nile zaidi au niache kabisa? Niliwahi kuacha kutwa nzima, jioni nikala hadi chakula cha mgeni.

Fundi Mkono wa Dhahabu

*

Ndugu Mkono wa Dhahabu,

Pole, na koma! Hesabu yako ingefaa kama ubongo wako ungekuwa unasikia. Wewe kelele za cherehani huzisikii tena, mgeni ndiye anayeziba masikio. Ndivyo ilivyo: mafuta yakizidi kwa muda mrefu, homoni ya shibe inakuwa nyingi mpaka ubongo unaizoea, hauitikii. Kuongeza mafuta ni kumpigia kelele kiziwi.

Na ukijinyima ghafla, homoni ya njaa inapanda. Ndiyo iliyokutuma kwenye sahani ya mgeni. Si uroho mtupu, ndugu yangu, mwili unajitetea. Ila usijifiche hapo. Mafuta yanayojaa ndani ya tumbo huizuia insulini kufanya kazi yake, sukari ikabaki kwenye damu. Mguu wa dada yako hukuuona?

Mfuate mpwa wako kliniki wiki hii. Usijinyime, punguza. Soda iondoke, maharage na mboga vijae sahani. Lala mapema, kukosa usingizi nako huamsha njaa. Inuka kwenye cherehani, utembee.

Na hiyo suruali siiamini. Tepu inakuning'inia shingoni kutwa, umepima viuno vya majaji. Pima chako, uniandikie ukweli.

*

Mshauri,

Tepu aliishika mke wangu. Akaisoma, akairudia, akaikunja akaitia mfukoni mwake. Kisha akasema, "Kesho tunakwenda wote." Mpwa wangu atatupokea mlangoni.

Kuhusu suruali, nilikudanganya. Kila iliponibana niliifumua nikatia kipande. Cha siku ya ndoa kilichobaki ni zipu tu, na yenyewe nilishaibadilisha.