Jina la Apolonia katika Orodha ya Novemba

Kilburn, London
14 Oktoba 1998

Mama Mkubwa Priscilla mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yamepata nafuu na kahawa haijakuchosha. Sisi tu wazima. Mwanangu Godson anakua. Nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri, kisha ananijibu kwa Kiingereza, kama mpangaji aliyekodi chumba kwangu.

Swali linalonisumbua tangu tulipomzika Bibi Eufrasia, mama yako, unalijua: je, Francis, yule Mwairishi mjenzi wa madaraja ya reli, alikuwa baba yake? Sasa lina haraka, maana kaburi litajengewa kabla ya Krismasi, na juma lililopita uliniambia kwenye simu, "Wewe si msomi? Sema ndiyo au hapana, fundi anangoja maneno ya kuandika msalabani!" Nilicheka, lakini neno lile limenikaa moyoni.

Kwanza nikiri kosa langu. Nakala ya kitabu cha ubatizo uliyonitumia ina nafasi tupu mahali pa baba, na jina la Francis mahali pa msimamizi. Kwa kuwa kwetu mzazi hamsimamii mwanawe, nilihitimisha kwamba hakuwa baba, na kwa miaka miwili sikumfuatilia tena. Ni Padre Philemon, anayesoma hapa, aliyenikumbusha kwamba mtoto wa nje ya ndoa aliachiwa nafasi tupu. Mwanamume aliyetaka jina lake liwemo katika ukurasa ule angeliweka wapi kwingine? Labda padre wa misheni alifumba macho. Labda.

Nikaagiza cheti cha kifo cha Francis. Alifariki mwaka 1961, hapa hapa Kilburn, mitaa mitatu kutoka kwangu. Nikaweka tangazo katika jarida la parokia, na mpwa wake, Bi Bridget, mwenye miaka themanini, akanipigia simu. Alinikaribisha kwa chai nzito kuliko ya kwako. Akaniambia kwamba Francis hakuoa kamwe. Kila alipotafutiwa mchumba alichukua kofia yake akatoka kutembea.

Kisha akanionyesha karatasi. Kama wewe unavyompelekea paroko majina ya marehemu wetu kila Novemba, nao hufanya vivyo hivyo. Orodha ile aliiandika Francis kwa mkono wake: baba yake, mama yake, kaka zake wawili, na chini kabisa, Apolonia. Ndilo jina la mama yake Bibi, aliyefariki siku nne baada ya kumzaa.

"Na huyu ni nani?" nikauliza.

"Mtakatifu wa meno," akasema Bi Bridget. "Mjomba alikuwa na meno mabaya, Mungu amrehemu."

"Lakini mtakatifu haombewi. Yeye ndiye anayetuombea sisi."

Akavua miwani. "Miaka thelathini na saba namwombea mwanamke huyu, wala hatujuani! Na wewe umengoja umalize chai ndipo uniambie?"

Sijui kama hili linatosha, Mama Mkubwa. Majina ya ubatizo hurudiwa, na mtu aweza kumwombea mwanamke aliyempenda bila kuwa baba wa mtoto wake. Tena Bibi alikuwa hai. Mbona Francis hakumwandikia hata mstari mmoja? Bi Bridget anasema mama yake, ambaye ni dada yake Francis, alichoma karatasi zake zote siku ya pili baada ya mazishi, akaiacha orodha tu kwa sababu ilikuwa ya kanisani. Kama jibu lilikuwapo, liliteketea humo.

Kwa hiyo siwezi kukupa ndiyo, na hapana nimeshindwa kuisema. Mwambie fundi aandike "Binti wa Apolonia", kwa kuwa hilo halina shaka, na chini yake aache nafasi ya mstari mmoja.

Nisalimie Mjomba Harubu, Mama Mdogo Ndeshi na watoto wote. Mungu akulinde na akutie nguvu ya kusimama kaburini siku hiyo kwa niaba yetu tulio mbali.

Bi Bridget ameniomba jina la Bibi, aliandike katika orodha yao ya mwaka huu, chini ya Apolonia. Nilimwonya kwamba hatuna hakika. Akanijibu, "Na huyo wa kwanza, nilikuwa na hakika naye?"

Mimi mwanao, ninayekupenda siku zote,
Irene