Msumari Mmoja Uache Wazi

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Viatu.
4 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako mshona mashanta. U hali gani? Jicho linaendeleaje? Dawa ya matone unaitia, au bado unamficha mwanao chupa chini ya mto? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, na malalamiko yake umeshayazoea.

Barua yako imefika. Umesema mwisho wa mwezi daktari atalipasua hilo jicho moja lililobaki, na hakukuahidi kitu. Nilianza kuisoma nimesimama, nikakaa, nikalia. Mteja aliponikuta akadhani nimedungwa na sindano ya cherehani.

Ukamalizia kwamba nisikutumie shanta jingine. Hapo nikacheka na machozi yangu. Ni kweli, Dada, kila ukiniita nije, nakushonea shanta nalituma badala yangu. Umeyatundika ukumbini, kila msumari na lake, hadi wageni wanakuuliza bei.

Sasa sikia. Mkwe wangu mwalimu alikuja juzi kubadilishiwa zipu. Nikamuuliza hili neno shanta, ambalo marehemu baba alilitumia kwa kila mfuko wa safari, limetoka wapi. Akasema tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Waturuki. Niliacha kushona. Neno halina miguu wala nauli, na limefika mpaka kinywani mwa baba yetu, likibebwa na watu waliokuwa wanakwenda zao. Mimi nina miguu miwili, hata kama mmoja mkorofi, halafu nasema njia ndefu!

Kijana wangu dereva alipinga. "Mama, siku mbili kwenye basi na magoti hayo? Si utafika umekunjika kama turubai!" Nikamwambia nikifika nimekunjika, dada yangu atanikunjua. Alinuna, lakini jana nimemkuta anauliza kama kuna kiti cha mbele. Maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge.

Shanta la safari nimelimaliza leo, la turubai ya kijani, lenye mfuko wa pembeni wa dawa zangu. Sijawahi kujishonea, basi nikakata mikanda kwa kipimo cha mabega yako. Mkono umezoea. Ilibidi nifumue nianze upya.

Nisalimie mwanao na wajukuu wote, hasa yule Kidomo. Mungu akulindie jicho hilo, na mikono ya daktari aitulize. Lakini asikuguse kabla sijafika. Nataka unitazame vizuri, mvi hizi zote, unitanie mpaka uchoke.

Usininunulie godoro, nitalala kitandani kwako. Ila ule ukumbi, msumari mmoja uache wazi. Hili shanta silitumi. Naja nalo mgongoni.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mshona Mashanta