Mume Wangu Anaongea kwa Vidole Kiwandani

Ruharo, Mbarara
Tarehe 9 Machi 2011

Mpendwa dada yangu mkubwa, yaya Miriamu,

Salamu mingi sana. Huko Uvira mnaamkaje? Mgongo wako umepata nafuu? Sisi tu wazima, watoto wanakula na kulala vizuri. Ila mimi moyo unawaka, na nakwambia wewe tu.

Tangu tutoke kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mume wangu Semahoro anafanya kazi kwenye kiwanda cha misumari. Ile fasi ina kelele, yaya! Mashine zinagonga chuma kutwa nzima. Akirudi, kichwa bado kinamgonga. Nikitua sufuria anashtuka, watoto wakicheka anafoka. Zamani aliipenda ile kazi, sasa anaiendea amekunja uso. Mimi nikimuuliza neno, ananiinulia mkono ninyamaze.

Nilimhurumia, kweli, mpaka juzi nilipompelekea chakula.

Mule ndani hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo wanaongea kwa mikono. Ukigusa bega, bosi anakuja. Ukipapasa tumbo, njaa inauma. Sasa kwenye mashine ya pembeni ya Semahoro yuko mwanamke wa kule Endiinzi, anaitwa Medius. Niliwaona kwa macho yangu! Vidole vinaruka, huyu anauliza, yule anajibu, meno yote nje. Semahoro anacheka! Na mimi mke wa ndoa nimesimama na sahani, sielewi kitu. Wala si mrembo; angekuwa mrembo, angalau ningeelewa.

Jioni nikamuuliza walikuwa wanachekea nini. Akasema, «Eugénie, niache, nimechoka kusikia.» Amechoka kunisikia mimi! Medius je, mbona hachoki naye? Nina wivu, yaya.

Basi nimekwenda kwa msimamizi, mzee Tumusiime, kuomba kazi. Semahoro hajui. Nimepewa mashine inayomtazama uso kwa uso. Aliyekuwa akiifanyia kazi aliikimbia kwa kuumwa kichwa. Naanza kesho. Jirani yangu Kanyange ananiita mwendawazimu, eti naacha cherehani yangu iliyotulia nyumbani. Aseme tu. Nyumba yenye mume asiyekusemesha si utulivu.

Nisalimie shemeji, na mwanao Nabilah, na mama mkwe wako.

Mungu akulinde na akuachie masikio yako mazima. Mimi yangu nayatoa, ili mume wangu aniongeleshe.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Eugénie