Mwanamke Mwenye Kofia ya Tembo

Jumamosi, mjini Hopkins, huku ughaibuni. Theluji inayeyuka, barabara ni matope matupu, lakini miye leo sijali.

Nimeshinda!

Mjukuu wangu alizaliwa juzi, hana jina. Miye nikasema ataitwa Wabiwa, jina la mama yangu. Papa Espoir, baba wa mkwe wangu, akasema ataitwa Nabintu, jina la mama yake. Hakuna aliyelegea. Binti yangu akachoka: "Jumapili ikifika bado mnagombana, namwita Ashley."

Ashley! Kwetu sisi Walega, Mlega gani huyo?

Basi ugomvi tukauweka juu ya sarafu yangu. Ni dinari ya fedha ya Waroma wa kale, kama ile ya Kaisari kwenye Injili. Jirani yangu mzungu alinipa, maana namwondolea theluji mlangoni. Upande mmoja kichwa cha mfalme mwenye ndevu. Upande wa pili mwanamke amejilaza, ana kitu kichwani. Papa Espoir ananicheka kila siku: "Papa Furaha, huyo amebeba kuku!"

Miye nasema tembo. Herufi zimelika, na hata zingekuwepo, miye na herufi hatusalimiani sana. Lakini mkonga naujua. Baba yangu alikuwa mkubwa wa bwami, chama cha wazee wetu, kule Mwenga, kofia yake ina mkia wa tembo. Kwetu mtu hajivalishi mnyama bure. Kofia inasema wewe ni nani.

Tukakubaliana. Tembo, Wabiwa. Kuku, Nabintu.

Nakiri hapa tu: leo njiani na Papa Espoir kwenda mji wa Savage, kwa muuza sarafu za kale, niliitoa sarafu mfukoni mara tatu nikaitazama. Ule mkonga ukiugeuza, kweli unafanana na shingo ya jogoo.

Muuzaji akaweka kioo jichoni, akatazama weee. Akatabasamu. Binti yangu akatafsiri kwenye simu: ni ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe zake, na mkononi ameshika nge. Na mwanamke mwenyewe ndiye Afrika. Waroma walimchora hivyo.

Afrika, jamani! Kumbe natembea na mama yetu mfukoni.

Papa Espoir akafuta miwani, akaangalia tena. "Basi kuku wa Waroma wana pembe," akasema.

Lakini nyumbani ni yeye aliyembeba mtoto kwanza. "Wabiwa," akamwita, taratibu. Kisha akanigeukia: "Masikio haya ni ya kwetu, usibishe."

Nimemwachia masikio.

Kesho kanisani nitalitaja jina mwenyewe, tena kwa sauti. Kofia yangu nimeshaipiga brashi.